Mashairi Thelathini na Moja Niliyoyajaza

Niliharibu mashairi thelathini na moja ya mtu mwingine, nikiwa nimekaa kitako, nakunywa chai, na ninaamini kabisa kwamba natenda wema. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu mke wangu anasema nikiachiwa nitaanza na hali ya hewa, nipitie kwenye mgongo wangu, na msomaji atasinzia kabla sijaungama.

Mgongo lakini lazima niutaje. Ndio ulionikalisha nyumbani. Miaka kumi na mitatu nilipakia maboksi kwenye ghala hapa Toronto, siku moja boksi likashinda. Tangu hapo mke wangu hutoka asubuhi kwenda kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, nami hubaki na sofa. Silalamiki. Wapo waliozaliwa kutembea, mimi nilizaliwa kukaa. Nikivaa viatu mara mbili kwa wiki moja, binti yangu huuliza, kwa Kiingereza chake, kama jengo linaungua.

Elimu yangu ni kidato cha nne, Tanga. Matokeo yake sitayasema, isipokuwa ya Kiswahili, ambayo huyasema kila nikipata upenyo. Mwalimu alitangaza mbele ya darasa kwamba nina sikio la mizani. Sifa hiyo nimeivaa maisha yangu yote kama mtu mwenye shati moja tu la sikukuu. Kwa waliosahau darasani: shairi letu la kawaida lina mistari minne, kila mstari una vipande viwili, kila kipande silabi nane. Hizo silabi ndizo mizani. Zikipungua, shairi linachechemea, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo maalumu kwa vilema vya namna hiyo.

Mzee mwenye mashairi nilikutana naye chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu la Mount Dennis. Mhindu mwembamba, anakunja shuka peke yake, ncha moja ameishika kwa kidevu, na huku anaimba kwa sauti ya chini. Nilidhani anaimba Kigujarati. Vidole vyangu vikajua kabla yangu. Nikajikuta nahesabu kwenye paja. Nane, nane. Nane, nane.

"Shikamoo, Mzee. Shairi hilo la nani?"

"Marahaba. La Mama."

"Mama yako alikuwa mshairi?"

"Mama alikuwa mpishi. Mshairi mimi, ila shairi ni lake. Wewe wa wapi?"

"Tanga, Ngamiani. Barabara ya kumi na mbili."

"Nilikuwa na meza ya kutengeneza saa, barabara ya nane. Baba yako alikuwa na saa?"

"Alikuwa nayo. Ilikuwa imesimama."

"Ndiyo maana hatukujuana," akasema, akanipa ncha ya shuka nimshikie.

Ikawa hivyo. Alikaa ghorofa ya tisa na binti yake, mimi ya saba, na kwa mtu wa aina yangu rafiki anayefikika kwa lifti ni neema ya Mungu.

Habari za Mama alinisimulia kidogokidogo. Hakuwa mama yake wa kuzaa. Alikuwa mjane katika mji mdogo huko Gujarat, India, mpishi wa jiko la hekalu, na watu walitoka mbali kuja kuketi jikoni kwake, kwa sababu alikuwa mtu wa Mungu. Angeweza kukaa na mwiko mkononi, akatoka humu duniani macho yakiwa wazi, dengu zikaungua, na asipatikane mtu wa kuthubutu kuipua sufuria. Mzee alikwenda kwake akiwa kijana, akakaa siku saba, akaomba abaki: anyoe nywele, avae nguo za watawa, aiache dunia.

Mama akamuuliza, "Una mke?"

"Ninaye."

"Mjamzito?"

"Ndiyo."

"Umewasha moto kule, umekuja kuota moto huku. Nani anauangalia wa kwako?"

Akamrudisha nyumbani. Kabla hajaondoka alimuuliza huota ndoto kwa lugha gani. Mzee akafikiri, akaona aibu, akasema Kiswahili. Mama hakuwahi kuisikia lugha hiyo. Akasema, basi uniambie kwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo Mzee akawa mwanafunzi wa kubaki nyumbani, mwenye mke na watoto na meza ya saa, na baadaye, huku Toronto, mwenye kibanda cha kukatia tiketi za kuegesha magari. Mama alishafariki. Mzee aliamka alfajiri, akaoga, akakaa mbele ya picha yake, na shairi likija aliliandika. Miaka arobaini na kitu, mashairi thelathini na moja. Nilimtania kwamba kwa mwendo huo hata konokono angemwonea huruma. Akasema saa haitengenezwi na mtu anayetazama saa.

Sasa tatizo lake. Mashairi yale ya Kiswahili aliyaandika kwa herufi za Kigujarati, zile za mviringo mviringo kama vitamu vya jalebi, kwenye daftari moja. Macho yake yalikuwa yanakufa, daktari alishamwambia. Wajukuu wake hawazijui herufi zile. Akifumba macho, na mashairi yamefumba. Alitaka yaandikwe kwa herufi hizi zetu, yachapwe kitabu, kiwekwe mbele ya picha ya Mama siku ya kumbukumbu yake, na wajao wapate pa kushika.

"Nitasoma, wewe uandike," aliniambia. "Kama yalivyo. Utaweza?"

"Kama yalivyo, Mzee."

Nilitamka hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Ningependa kusema sikuelewa, lakini ni Kiswahili, na nimeshasema matokeo yangu.

Alikuja Jumanne na Alhamisi, asubuhi. Alikaa kwenye meza yangu ya jikoni, daftari limegusa pua, anasoma mstari mmoja mmoja, nami nagonga kompyuta ya binti yangu kwa vidole viwili. Chai alikunywa bila sukari, na kila mara alibakiza funda moja kikombeni. Nilimwambia mke wangu kwamba mzee wa watu ana ubadhirifu wa maziwa.

Mashairi yalikuwa mazuri. Hilo nataka lieleweke, kwa kuwa ndilo linaloniuma. Alizungumza na Mungu kama mtu anayeingia jikoni kuuliza kama kuna kazi. Kila shairi liliishia kwa maneno mawili yaleyale, njoo Mama. Na kila shairi, kabla tu ya maneno hayo, lilikuwa na shimo. Angesoma vizuri hadi katikati ya mstari wa mwisho kabisa, kisha ananyamaza, amefumba macho, kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Halafu: njoo Mama.

Nikahesabu. Mizani nne zimepotea.

"Mzee, mstari wako wa mwisho unachechemea."

"Uache uchecheme."

Nikacheka. Nilidhani anaficha. Mke wangu alishanifundisha kwamba mzee akisahau neno usimkodolee macho. Mpe neno taratibu, kama unavyompa mtu mkono kwenye ngazi, mwendelee. Nikamhurumia. Lile shimo nikalifukia kimyakimya kwa neno la kuomba linalotosha, nakusihi, likakaa kama limezaliwa pale. Shairi la pili nalo shimo palepale. La tatu pia. Mtu mwenye akili angejiuliza ni usahaulifu gani huu unaorudi mahali pamoja kila mara. Mimi nilijiona daktari wa mifupa. Mahali pengine niliweka "nakusihi", pengine "tafadhali", pengine "bila shaka", na nilipochoka nikaweka "kwa haraka". Shairi la mwisho, analolipenda kuliko yote, ubeti wake wa kufungia niliuandika hivi:

Mama nimefika kwako, mlangoni nasimama,
Sina ndoo, sina mwiko, mikono mitupu, Mama,
Niweke karibu yako, nipulize moto vyema,
Neno langu, hili lako, kwa haraka, njoo Mama.

Nane kwa nane. Nilijipongeza kwa kipande cha pili cha mkate.

Alipoulizwa jina la kuweka kwenye kitabu, Mzee alikataa la kwake. Akasema, andika mtumishi wa jikoni, inatosha.

"Na mimi?"

"Wewe umefanya kazi. Andika upendavyo."

Nikapenda majina yangu yote matatu, chini ya neno Mhariri. Kwa hiyo katika kitabu kile cha mtu aliyejifuta miaka arobaini, jina pekee la binadamu lilikuwa la aliyekivuruga. Nikapiga picha ukurasa huo, nikautupia kwenye kundi la watu wa Tanga kwenye simu. Pongezi zilinyesha. Nikajibu kwamba ni kazi ya jamii tu.

Binti wa Mzee alikipeleka kikachapwa, nakala sitini. Mzee wakati huo alikuwa haoni tena maandishi. Alikipapasa, akakinusa, akanishukuru. Nilimwambia si kitu. Laiti.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi wa kukodi huko Scarborough, chini ya ardhi, baridi ya Februari. Mke wangu alinitoa nyumbani kama mtu anayetoa kabati. Mlangoni tulivua viatu, nami nikagundua soksi yangu ya kulia ina tundu. Mimi ni mtu wa msikiti, Ijumaa nikiamka vizuri, kwa hiyo nilitaka nyuma kabisa karibu na mlango. Haikuwezekana. Mhariri alisubiriwa. Wenzangu wote wameketi kwenye mazulia, mimi nikawekewa kiti mbele kwa ajili ya mgongo, nikavishwa shada la maua ya manjano shingoni, na kidole gumba kinachungulia watu.

Picha ya Mama ilikuwa mbele yangu, na kitabu chini yake. Mama mdogo, ushungi kichwani, mwiko mkononi, hatazami kamera. Alikuwa anatazama sufuria.

Waliojaa pale wengi ni wazee waliozaliwa Tanga, Mombasa, Kisumu, Jinja, ambao mara moja kwa mwaka huimba mashairi ya Mzee kwa Kiswahili. Waliyajua kwa kusikia. Safari hii watoto na wakwe zao nao walikuwa na vitabu mikononi, na kwa mara ya kwanza wangeweza kuimba. Mzee alinionyesha upande wao kwa kidevu, ingawa haoni, akatabasamu. Furaha ile ilikuwa yangu pia. Nilikuwa nayo kwa dakika kama nane.

Akaimba lile la mwisho. Sauti yake ni nyembamba lakini haitetemeki. Akafika: Neno langu, hili lako. Akanyamaza, akafumba macho. Wazee wote pale chini wakainamisha vichwa kwa pamoja, wengine wakaweka viganja sakafuni. Nami nikiwa juu ya kiti changu nikaliona lile shimo kwa mara ya kwanza, jinsi lilivyokuwa limejaa watu.

Na nusu ya ukumbi, wale wenye vitabu, vijana, wakwe, wajukuu, wakaimba kwa nguvu na kwa furaha: kwa haraka, njoo Mama.

Mzee alibaki mdomo wazi. Akageuza sikio, kama anavyosikiliza saa. Desturi yao mstari wa mwisho hurudiwa mara tatu. Mara ya pili akafika palepale, akanyamaza, akangoja, wazee wakainama, na ile "kwa haraka" ikaja tena, safari hii kubwa zaidi, maana vijana walishaushika wimbo. Mara ya tatu hakunyamaza. Alipita pale mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake mwenyewe na kukuta ina wapangaji.

Mke wangu aliketi kwenye zulia karibu na mguu wangu. "Hiyo kwa haraka ya nani?"

"Nyamaza."

"Ni yako."

"Nimesema nyamaza."

"Unamharakisha mama wa watu," akasema, na hakuwa anatania.

Wakati wa chakula Mzee aliongozwa hadi kwenye kiti changu. Akakaa sakafuni, nami juu, na mgongo ule uliokataa maboksi sasa ukakataa kuinama. Hapo ndipo nilipofanya jambo la pili baya, na nadhani ndilo baya zaidi. Kabla hajasema lolote nikasema labda wachapaji walikosea.

"Wachapaji wa hapa wanajua Kiswahili?" akauliza.

Nilitazama sahani yangu. "Ni mimi, Mzee."

"Hilo moja?"

"Yote."

Akatafuna. "Yote kwa haraka?"

"Hapana. Mengine nakusihi. Mengine tafadhali."

"Tafadhali," akarudia polepole. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti. Mama kila alipokula alibakiza tonge moja kwenye sahani, kwa ajili ya yule ambaye Mungu atamchelewesha. Mzee hakuwa na kitu cha kumpa, kwa hiyo siku aliyorudishwa nyumbani aliahidi kwamba katika kila neno atakalomtungia atabakiza nafasi ya tonge, ili Mama apate pa kukaa. Mizani nne. Hajawahi kuzijaza hata mara moja, hata pale neno zuri lilipomjia lenyewe. "Hayo maneno yako yote yalinijia," akasema. "Nakusihi ilinijia miaka thelathini iliyopita. Nikaikatalia."

"Ungeniambia, Mzee."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nikiwa na maua shingoni.

"Nilikwambia uuache uchecheme." Akapapasa sahani, akatafuta mkate wa puri. "Nimemwekea kiti miaka yote hiyo, kijana. Wewe umeingia kama mtu wa basi, ukaweka begi."

Alicheka kidogo. Ningependelea anitukane.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Nilitenga kikombe chake, nikakiondoa. Jumatatu iliyofuata nilivaa viatu. Binti yake alinipa orodha ya waliochukua vitabu. Alinipa huku ameshika mlango nusu, na sikumlaumu. Wiki tatu, mimi mtu wa sofa, nilipanda mabasi ya mji huu ambayo sikujua hata yanaelekea wapi. Brampton, Scarborough, Thorncliffe. Nasimama mlangoni kwa watu na kusema, samahani, nimekuja kuyafuta maneno yangu. Walinikaribisha chai. Kila mahali ilibidi nieleze upya, na hakuna mahali ilipopungua uzito. Mama mmoja alikataa kunipa chake. Mjukuu wake ameushika wimbo, akasema, akitaka chapati husimama mlango wa jikoni na kuimba kwa haraka njoo Mama. Alidhani habari hiyo itanifurahisha.

Nilipata hamsini na mbili. Saba vilishasafiri kwa ndugu, Leicester na kwingineko. Huko hadi leo wanamharakisha.

Nikakaa na rangi nyeupe ya kufutia, ya kichupa chenye brashi, nikapaka shimo moja moja, kitabu baada ya kitabu. Mke wangu alirudi kazini akanikuta kwenye kitabu cha kumi na moja. Akafungua ukurasa wa mbele, akatazama, akaweka kidole kwenye majina yangu matatu.

"Na hili?"

"Hilo nitalifikia."

"Limekupitia mara kumi."

Ni kweli. Nilirudi kwenye vile kumi, nikaanza upya na lile jina la mbele.

Nilimpelekea Mzee kimoja kilichokauka. Alinikaribisha, hakuniuliza nilikuwa wapi. Akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho, pale rangi ilipotuna, akarudi, akapitisha tena. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga kwenye mabasi, akayasikiliza hadi mwisho, akasema daftari lake sasa ni karatasi tupu machoni pake na binti yake anachelewa kutoka kazini, kwa hiyo nisome.

Nikasoma. Nikafika, nikanyamaza.

"Unahesabu," akasema.

"Sihesabu, Mzee."

"Nasikia. Moja, mbili, tatu, nne. Hicho si kimya, hicho ni foleni. Rudia."

Nikarudia. Nilijitahidi nisihesabu, nikajikuta nafikiria jinsi nisivyohesabu. Akanirudisha tena. Siku hiyo hatukuvuka shairi la kwanza, na wiki iliyofuata pia hatukuvuka. Sasa ni Jumanne na Alhamisi, ghorofa ya tisa, chai yake. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita nafundishwa kunyamaza na kipofu, na nimeshindwa tangu majira ya kuchipua. Wakati mwingine najiambia atakufa kabla sijaweza, na kwamba hiyo ndiyo hesabu halisi ya nilichokifanya. Yeye halisemi hilo. Husema tu, rudia.

Jana alinirudisha mara tano. Mara ya sita nilifika pale, nikanyamaza, naye hakusema kitu. Akainamisha kichwa. Mkono wake ukashuka taratibu hadi kwenye zulia. Nikaona kwamba hatimaye ninaweza, nikafurahi mno, na kwa ile furaha nikaingia na njoo Mama kabla ya wakati.